Nikirudi kulala baada ya adhuhuri, kitu kinanikalia kifuani

"Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu Wete, ila sasa nafanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huku kaskazini Unguja, zamu ya usiku, na nakaa kwa shangazi Mkwajuni. Natoka kazini saa moja asubuhi, saa mbili niko kitandani. Adhuhuri naamka nasali, kisha narudi kulala, na hapo ndipo mambo yanaponitokea. Tangu nianze zamu hii, haipiti wiki ila nimeshtuka nikiwa macho kabisa lakini siwezi kutikisa hata kidole. Kitu kizito kinanikalia kifuani, na naona kama mtu mweusi kasimama kwenye pazia la mlango. Mara ya mwisho nilimsikia shangazi uani anakuna nazi, nikawa namwita, sauti haitoki. Nilipozindukana nilikwenda kumuuliza, akasema kweli muda ule alikuwa juu ya mbuzi anakuna. Kwa hiyo si ndoto! Bibi yangu Pemba anasema ni popobawa, lile jini linalosemwa huwaingilia watu usiku, anataka niache kazi nirudi nikasomewe. Mwenzangu kazini anasema damu haifiki kwenye ubongo na iko siku sitozindukana. Duka la dawa wamenipa vidonge vya usingizi, bado sijavianza. Niambie ukweli: nina jini, nina kifafa, au naingia wazimu? Na mtu anaweza kufa hivi?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima raha: hufi kwa hili. Wala kwa namna ulivyoeleza sioni dalili ya kifafa, na wazimu ndio kabisa sio. Ulichonacho wazee wetu wanakijua kwa jina la jinamizi, na hospitalini tunakijua vilevile. Ni watu wengi mno wanaokabwa, ila wengi hawasemi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyojumlisha watu zaidi ya 36,000 wa nchi mbalimbali, yalikuta kiasi cha watu 8 katika kila 100 wamepata kukabwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi, ambao usingizi wao ni wa kuungaunga, idadi ilipanda hadi 28 katika kila 100. Ukiwauliza wenzako hotelini mmoja mmoja, faraghani, nadhani utashangaa.

Sasa hilo la nazi, kwa sababu umeliona vizuri na wala usikubali mtu akwambie "ulikuwa unaota tu". Hukuwa unaota tu. Masikio yako yalikuwa macho na yalimsikia shangazi kweli. Macho pia, bila shaka yalikuwa wazi, na pazia uliloliona ni pazia la kweli. Mtu aliyesimama kwenye pazia, huyo ndiye aliyetoka ndotoni. Jinamizi ni dakika ambazo hali mbili zinakaa pamoja: nusu ya ubongo imeshaamka, nusu nyingine bado iko kwenye ndoto, na mwili umebaki upande wa ndoto. Ndiyo maana kisa chako kina ukweli na uzushi ndani yake, vimechanganyika hata wewe mwenyewe huwezi kuvitenga.

Ili uelewe kwa nini mwili unakataa, lazima nikupeleke nyuma kidogo. Hadi miaka ya hamsini wataalamu wengi waliamini kwamba mtu akilala ubongo nao umepumzika, basi. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitangaza jambo waliloligundua kwa kuwaangalia watu usiku kucha: mara kadhaa kila usiku macho ya aliyelala huanza kuchezacheza chini ya kope, na ukimwamsha wakati huo mara nyingi atakusimulia ndoto ndefu. Leo tunajua usingizi huo wa ndoto hurudi takriban kila dakika 90, huchukua robo hivi ya usingizi wote wa mtu mzima, na vipande vyake virefu viko mwishoni, kuelekea asubuhi. Ubongo ndani yake hauna mapumziko. Umeme wake unakaribia kufanana na wa mtu aliye macho.

Hapo ndipo penye hatari, na ndipo penye hekima. Ubongo unaoota unakimbia, unapigana, unaogelea. Kama amri zake zingefika miguuni, kila usiku tungekuwa tunajipiga kwenye kuta. Mfaransa Michel Jouvet, aliyekuwa akifanya utafiti wake Lyon, alilionyesha hili kwa paka kuanzia mwaka 1959. Paka wa kawaida akiingia kwenye usingizi wa ndoto, misuli yake hulegea yote. Jouvet alipoharibu sehemu ndogo tu kwenye shina la ubongo, paka yule yule aliyelala fofofo aliinuka, akanyemelea na kurukia windo ambalo halipo. Kwa hiyo kuna njia maalumu inayoanzia kwenye shina la ubongo na kushuka uti wa mgongo, nayo humwaga kemikali, glisini na gaba, zinazozinyamazisha neva za misuli. Ni kama dereva aliyekanyaga klachi: injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Kila mtu hufungwa hivyo kila usiku, mimi na shangazi yako tumo, ila kwa kawaida ukizindukana kifungo kimeshafunguka. Kwako akili inatangulia, kifungo kinachelewa kwa sekunde chache, pengine dakika moja au mbili. Ukiwa ndani yake unaona kama saa nzima.

Na uzito wa kifuani? Kifungo hiki hakigusi misuli ya macho, wala ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao ndio unaokupumisha. Hewa inaingia na kutoka hata wewe usipofanya lolote. Lakini misuli midogo ya katikati ya mbavu imelegea, na pumzi za usingizi wa ndoto ni fupi fupi na hazina mpangilio. Ukizindukana ukataka kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, kifua hakitii, na ubongo wenye hofu unatafsiri kwamba umekaliwa. Ukilala chali unazidisha. Damu inafika kichwani kama kawaida, kwa hiyo maneno ya mwenzako yaweke kando, ingawa najua alisema kwa kukuonea huruma.

Yule mtu mweusi ana asili yake pia. Ndani kabisa ya ubongo kuna kiungo kidogo kiitwacho amigdala, ambacho kazi yake kubwa ni kunusa hatari. Wakati wa ndoto kinafanya kazi kwa nguvu, huku sehemu za mbele za ubongo, zile zinazopima na kusema "hebu subiri, hili haliwezekani", zikiwa zimepoa. Ukizindukana huwezi kujinyanyua, amigdala inapiga mbiu ya hatari, na akili inaanza kumtafuta adui chumbani. Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi, akiwemo Olaf Blanke, walieleza habari za mgonjwa mmoja waliyekuwa wakimpima kabla ya upasuaji: kila walipogusa kwa umeme mdogo sehemu fulani ya upande wa kushoto wa ubongo wake, alihisi kuna mtu nyuma yake, kivuli kinachoiga mkao wake. Umeme ukikatwa, mtu naye hayupo. Maana yake, hisia ya "kuna mtu humu ndani" ubongo unaweza kuitengeneza peke yake, na mwenye nayo akaapa.

Sura ya mtu huyo kila watu wanaipata kwao. Newfoundland, kule Kanada, ni kikongwe anayewakalia watu vifuani. Wabrazili wana bibi wao wa kucha ndefu, anayewakanyaga walioshiba wakalala chali. Wajapani nao huiita hali hii kanashibari, yaani mtu kukazwa kama kafungwa kwa chuma. Binti aliyelelewa Wete, mwenye bibi mwenye hadithi zake, unategemea atamwona nani?

Nije kwenye swali ambalo hukuliuliza, nalo ndilo naona lina ufunguo: kwa nini baada ya adhuhuri? Mwaka 1992 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo, ukilisoma, utadhani walikuwa wanaitazama ratiba yako. Waliwaamsha vijana katikati ya usingizi kwa makusudi, wakawaweka macho kwa muda, kisha wakawaacha warudi kulala. Baadhi yao, badala ya kupita kwanza kwenye usingizi mzito, waliingia moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto, na jinamizi lilizuka hapo hapo maabara, vyombo vikiwa vichwani mwao. Sasa jiangalie. Unalala saa mbili asubuhi, muda ambao saa ya mwili inausukuma sana usingizi wa ndoto. Umeshakesha, kwa hiyo una deni. Unaukata usingizi katikati, unatia udhu, unasali, unarudi kitandani bado umechoka. Akili yako haijatulia sawasawa na kifungo cha mwili kimeshashuka. Kama ningeambiwa nibuni ratiba ya kumkaribisha jinamizi, nisingebuni nyingine.

Kuna kitu cha pili kinachomkaribisha, nacho ni hofu yenyewe. Sisi wa umri mkubwa tunaikumbuka 1995, taharuki ya popobawa ilipoanza Pemba kisha ikavuka hadi Unguja. Watu walitoka vyumbani, wakalala nje makundi makundi, moto umewashwa, wanaamshana usiku kucha. Mjini kundi la watu lilimuua mtu wa watu, mgonjwa wa akili, kwa kudai ndiye. Sisemi kila kilichosimuliwa mwaka ule kilikuwa jinamizi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, maneno yalikuwa mengi, na uvumi una miguu yake. Lakini fikiria kitaalamu: watu maelfu wamelala vipande vipande, kila mmoja anasubiri kukabwa, kila asubuhi anasikia nani kakabwa jana. Usingizi wa namna hiyo ndio hasa unaozaa jinamizi, na kila aliyekabwa alikuwa ushahidi kwa jirani yake. Wewe peke yako chumbani, kwa kiasi kidogo, unayapitia hayo hayo: unakabwa, unaogopa kulala, unalala kidogo, unakabwa tena.

Kuhusu bibi yako, usigombane naye. Anakupenda na anatumia elimu aliyonayo. Kusomewa Qurani hakukudhuru, na Ayatul Kursiy kabla ya kulala inatuliza moyo, na moyo uliotulia haukatiki usingizi ovyo. Tena ile adabu tuliyofunzwa chuoni, ya kulala ubavu wa kulia, mimi kama daktari nakuandikia kama dawa, kwa sababu wengi wanaokabwa hukabwa wakiwa chali. Ninapokataa ni pale mtu atakapotaka kukupiga ati jini litoke, kukufungia chumbani na mafusho, kukunyima chakula, au kukutajia laki kadhaa. Na kuacha kazi kwa ajili ya hili tu naona ni mapema mno, hujajaribu lolote.

Vidonge vya dukani usivianze. Sijui umepewa vipi. Kama ni vile vya mafua vinavyolewesha, vitakuachia uzito kichwani na usingizi usio na mpango. Kama ni vya jamii ya diazepamu, hivyo mwili huvizoea haraka na kuviacha ni kazi. Zipo dawa, baadhi ya zile za sonona, zinazopunguza usingizi wa ndoto na hutumika kwa mtu anayekabwa mno, lakini ni za kuandikiwa, na ukizikata ghafla ndoto hurudi kwa fujo. Kwako bado sana.

Ningekuwa wewe ningeanza na usingizi wa kipande kimoja. Ukilala saa mbili asubuhi ukaamka saa nane mchana, umepata saa sita mfululizo, na adhuhuri bado ina muda wake mpaka alasiri iingie, karibu na saa kumi. Weka saa ya kukuamsha ili usiipitilize. Muulize ustadhi wako roho itulie, ila sidhani kama atakukatalia. Ukishaamka saa nane, usirudi tena kitandani. Mweleze shangazi kwamba saa zako za usiku ni hizo, kazi za kelele na wageni visogezwe mbele. Dirishani tundika khanga mbili au blanketi hadi chumba kiwe giza, na feni ivume ifunike sauti za nje. Ukiwa kwenye daladala asubuhi vaa miwani ya jua, kwani mwanga wa asubuhi unaiambia saa ya mwili kuwa ndiyo kwanza kumekucha. Kahawa iishie saa nane usiku. Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya kama saa tano, na kikombe cha alfajiri utalala nacho. Siku za mapumziko ndizo ngumu, najua, maana unataka kukaa na watu. Angalau siku hizo chelewa kulala hadi saa nane au tisa usiku, usiigeuze ratiba yote juu chini mara mbili kwa wiki. Na mto mmoja uweke mgongoni, usijigeuze chali bila kujua.

Likija, usipigane nalo kwa mwili mzima. Kadiri unavyojikakamua ndivyo hofu inavyopanda na kifua kinavyobana. Achana na kifua na mikono, chagua kidole kimoja cha mguu ujaribu kukichezesha, au zungusha macho huku na huku, maana hayo hayakufungwa. Iache pumzi ijiendee, usiivute. Jisemee moyoni kwamba hili ni usingizi na linapita. Mwambie na shangazi: akikuona macho wazi huitiki, akushike bega akuite jina. Mguso mara nyingi hukata pale pale. Ukizindukana, kaa, washa taa, kunywa maji, na usilale tena kwa mkao ule ule.

Wengi wakifanya hivi, jinamizi hupungua ndani ya wiki chache. Lakini nenda ukaonwe ana kwa ana, usisubiri, ukiona mojawapo ya haya. Usingizi unakuangusha mchana hata ukiwa umelala vya kutosha, au magoti yanakulegea ghafla ukicheka au ukishtuka: huo huenda ni nakolepsia, ugonjwa ambao mara nyingi ubongo umepungukiwa kemikali ya oreksini, na una matibabu. Shangazi anakwambia unakoroma na pumzi inakatika. Unaamka umejing'ata ulimi, umejikojolea, au mtu kakuona unarusharusha viungo: hapo kifafa kinastahili kupimwa. Unasikia sauti au unaona watu ukiwa macho kabisa, katikati ya kazi. Umekuwa na huzuni isiyoondoka kwa zaidi ya wiki mbili, au hofu imekufanya usilale kabisa. Na kama kuna dawa unatumia, iwe ya presha, ya malaria au yoyote, itaje, kwani baadhi huchafua ndoto.

Liko moja zaidi, nalisema kwa wote wanaosoma, si kwa ajili yako. Jinamizi haliachi michubuko, haliachi damu, halichani nguo. Msichana au mvulana anayeamka na alama mwilini asiambiwe ni popobawa akanyamazishwa. Hapo pana mtu, na apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili; vituo hivyo vimo hospitalini Unguja na Pemba.

Kwako, hospitali ya Kivunge ni karibu, na wakiona haja watakuandikia uende hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini. Usiende mikono mitupu. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari saa uliyolala, saa uliyoamka, ulikunywa kahawa lini, umekabwa saa ngapi na ulikuwa umelala mkao gani. Daktari atafahamu mengi kwa kurasa hizo kuliko kwa kipimo chochote. Na kama baada ya kurekebisha ratiba bado unakabwa kila wiki, mwombe akuandikie barua kwa mwajiri uhamishiwe zamu ya mchana kwa miezi miwili mitatu, tuone mwili utasemaje.